Rika la 1933 na sauti walizoambiwa wazirekebishe

Mwaka juzi nilienda kwenye majaribio ya sauti kwenye studio moja hapa Dar, walikuwa wanatafuta watu wa kuingiza sauti ya Kiswahili kwenye tamthilia za nje, zile za Kituruki ambazo mama zetu wakikosa siku moja nyumba nzima haina amani. Nikapewa karatasi, nikavaa hedifoni, nikaanza kusoma maneno ya mama anayemuaga mwanae stendi, sikufika hata mstari wa sita msimamizi akanyoosha mkono nisimame, akasema sauti yangu ina mikwaruzo, kama mtu aliyelala na mafua, niende nikairekebishe kwanza ndo nirudi. Kazi zinakosekana kila siku, hilo nalijua. Kilichoniuma ni hilo neno "rekebisha", maana nalisikia toka darasa la nne, mwalimu wa ngonjera alinipanga mstari wa nyuma akaniambia nichezeshe mdomo tu, sauti nisitoe, nitawaharibia wenzangu. Na mi sauti ni hii hii, sijawahi kuwa na nyingine.

Usiku ule usingizi haukuja, nikaanza kutafuta kwenye simu watu wa kazi hii wenye sauti kama yangu. Ndo nikafika kwa Nobuyo Oyama.

Kama uliwahi kuangalia katuni ya Doraemon kwa Kijapani chake, yule paka roboti wa bluu asiye na masikio, basi umeshamsikia. Sauti yake ni nene, inakwaruza, ina joto fulani hivi kama ya shangazi aliyeongea sana harusini jana yake. Alipokuwa mwanafunzi wenzake walikuwa wanamcheka kwa sauti hiyo hiyo mpaka akawa anaona tabu kufungua mdomo mbele ya watu. Mama yake alipoona hivyo hakumwambia anyamaze wala hakumpeleka kwa daktari wa koo, alimwambia kwamba ukiwa na kitu kibovu halafu ukakificha kitazidi kuwa kibovu, kwa hiyo kesho nenda kajiunge na klabu yoyote ya shule inayotumia sauti. Akajiunga na klabu ya matangazo na michezo ya redio. Nilisoma hapo nikaweka simu pembeni, nikakaa muda mrefu tu gizani.

Kesho yake nikarudi kusoma zaidi, na kitu kilichonishika ni tarehe yake ya kuzaliwa, 16 Oktoba 1933. Maana nilikuwa nimeshaiona 1933 mahali. Tetsuko Kuroyanagi, yule mama maarufu wa televisheni ya Japani aliyeandika kitabu cha Totto-chan kuhusu utoto wake mwenyewe, alizaliwa 9 Agosti 1933. Rokusuke Ei, aliyeandika maneno ya ule wimbo wa Kijapani ulioshika namba moja Marekani, ni wa 10 Aprili 1933. Kiyoshi Kobayashi, sauti ya Jigen kwenye katuni ya Lupin III, 11 Januari 1933. Mwimbaji Peggy Hayama, 9 Desemba 1933. Hata Hiroshi Fujimoto, anayejulikana kwa jina la Fujiko F. Fujio, yule aliyemchora Doraemon mwenyewe, ni wa tarehe 1 Desemba 1933. Yaani aliyemchora na aliyempa sauti wamezaliwa ndani ya wiki saba.

Kwetu tunaita rika. Watu waliozaliwa pamoja, wakaingia jando pamoja, wakaona njaa moja na mvua moja, na mpaka uzeeni wanaitana kwa namna ambayo mdogo wao haruhusiwi. Hawa ni rika, na jando lao lilikuwa vita.

Hesabu tu. Japani inaingia vitani na Marekani Desemba 1941 wako na miaka minane. Inasalimu amri Agosti 1945 wako kumi na moja, kumi na mbili. Ni watoto wa shule ya msingi muda wote ule, umri ambao mtoto anaelewa kila kitu na hana uamuzi wa chochote. Mwaka 1944 serikali ikaanza kuwatoa watoto wa shule kwenye miji mikubwa na kuwapeleka vijijini kukwepa mabomu, Ei akaenda Nagano, Kuroyanagi na mama yake wakaishia Aomori kaskazini kabisa. Kuna jambo Kuroyanagi amelisimulia mara nyingi, kwamba kabla hawajaondoka Tokyo chakula kilipungua mpaka mama yake akawa anampa punje 15 za soya zilizokaangwa, hizo ndo za siku nzima, halafu yeye anakaa anapiga hesabu ale ngapi sasa hivi na abakize ngapi, maana king'ora kikilia akiwa hajala na bomu likimpata atakufa na maharage mfukoni. Mtoto wa miaka kumi na moja anapiga hesabu hiyo!

Na kuna lingine ambalo analisema kwa aibu hadi leo akiwa bibi wa miaka zaidi ya 90. Pale stesheni ya treni karibu na shule yao walikuwa wanawaaga askari wanaoenda vitani, na watoto wanaopunga vibendera walikuwa wanapewa kipande cha ngisi mkavu wa kuchoma. Alikuwa anaenda kupunga kwa sababu ya ngisi. Baadaye ukubwani akawaza wale vijana waliondoka na picha ya watoto wanaowashangilia machoni, na yeye alikuwa anashangilia ngisi, na wengine hawakurudi. Anasema hilo ndo kosa lake la vita. Mi namwelewa kwamba alikuwa mtoto, na naelewa pia kwa nini hajalisamehe.

Sasa huyu Kuroyanagi inabidi nimkalie kidogo, maana habari ya sauti kwake inaanza mapema kuliko kwa wote. Darasa la kwanza alifukuzwa shule. Alikuwa anaongea sana, anasimama dirishani anawaita wapiga muziki wa barabarani, mwalimu akashindwa. Mama yake akampeleka shule nyingine, Tomoe Gakuen, ambayo madarasa yake yalikuwa mabehewa ya treni yaliyostaafu, na siku ya kwanza mwalimu mkuu Sosaku Kobayashi akavuta kiti, akamwambia niambie chochote unachotaka kuniambia. Mtoto akaongea kuanzia saa mbili asubuhi mpaka saa sita mchana. Masaa manne! Mzee hajapiga miayo, hajaangalia saa, anasikiliza tu mpaka mtoto mwenyewe akaishiwa maneno. Mimi katika maisha yangu sijui kama nimewahi kusikilizwa masaa manne mfululizo na mtu yeyote, na nadhani wengi wenu pia. Shule ile iliungua yote kwenye mashambulizi ya ndege mwaka 1945.

Baba yake alikuwa mpiga fidla mkubwa, kiongozi wa wapiga fidla kwenye okestra ambayo leo ni ya NHK, shirika la utangazaji la Japani. Akachukuliwa jeshini, vita ikaisha akajikuta mfungwa Siberia, akarudi nyumbani mwishoni mwa 1949. Binti akakua, akasomea uimbaji chuo cha muziki, anataka opera. Alafu siku moja akaanza kuwaza kwamba akija kuzaa angependa kuwa mama anayejua kuwasomea wanae vitabu vya picha vizuri, akamuuliza mama yake wanafundisha wapi hiyo kitu, mama akamwambia angalia gazetini labda. Akafungua gazeti, akakuta tangazo la NHK wanatafuta waigizaji wa redio na wa hicho kitu kipya kinaitwa televisheni.

Televisheni ya Japani ilianza rasmi tarehe 1 Februari 1953. Hao wa rika la 1933 walikuwa na miaka 19 na 20. Hebu fikiria bahati hiyo ilivyokaa, utoto wao wameibiwa wote, halafu siku wanafika utu uzima mlango ambao haujawahi kuwepo duniani kwao unafunguka, na ndani hakuna mkubwa aliyewatangulia maana hakuna anayejua kinachofanyika humo.

Waliomba maelfu, wakachukuliwa 13, na yeye akiwemo. Lakini kuchukuliwa ni kitu kimoja na kukubalika ni kingine. Kwenye redio waigizaji wachanga wanapewa kazi ya kelele za umati, ule mvumo wa watu wengi nyuma ya wahusika wakuu, hata sisi huku tunaanzia hapo hapo. Sauti isitokeze, hilo ndo sharti. Ya kwake inatokeza. Anaambiwa rudi nyuma hatua moja, wanarekodi, bado anasikika, rudi tena, bado, rudi tena, mpaka anakaribia kutoka mlangoni na bado sauti yake peke yake ndo inayosikika kwenye umati mzima, mwishowe anaambiwa dada leo nenda nyumbani. Siku baada ya siku, vipindi vingi tu alitolewa hivyo. Wanamwambia anaongea haraka mno, Kijapani chake cha ajabu, sauti ya ajabu, akairekebishe.

Mwaka 1954 mwandishi Tadasu Iizawa alikuwa anatengeneza mchezo wa redio wa watoto, kima watatu weupe wanaotoroka China kurudi kwa wazazi wao India. Kabla ya hapo sauti za watoto redioni zilikuwa zinafanywa na watoto wenyewe, Iizawa akaamua safari hii awe na watu wazima. Kuroyanagi akachaguliwa kuwa kima mdogo kuliko wote, Ton-bo. Alipokutana na mwandishi kitu cha kwanza alichofanya ni kuomba radhi, kwamba najua sauti yangu ni mbaya na naongea vibaya, nitajirekebisha. Na yule mzee akamjibu asirekebishe kitu, kwamba hiyo namna yake ya kuongea ndo nzuri, abaki hivyo hivyo alivyo.

Nimelisoma hilo jibu mara nyingi kuliko ninavyoweza kuhesabu. Alikuwa amezaliwa 1909 huyo Iizawa, angeweza kuwa baba yake. Na ndo maana siwezi kusema rika hili lilijiinua lenyewe, maana kila nikimfuatilia mmoja wao nakuta nyuma yake mkubwa mmoja, mmoja tu, aliyekataa kusema lile neno ambalo wakubwa wengine wote walikuwa wanalisema. Mama wa Oyama. Mwalimu Kobayashi na yale masaa manne. Mzee Iizawa.

Na Iizawa huyo huyo mwaka 1960 akaandika kipindi cha televisheni cha NHK cha nguruwe watatu wadogo, Boo, Foo na Woo, kikaenda mpaka 1967. Boo, kaka mkubwa mwenye kulalamika, sauti yake ni Nobuyo Oyama. Foo ni Katsue Miwa. Na Woo, mdogo wao mchapakazi, ni Tetsuko Kuroyanagi. Nilipogundua kwamba Doraemon na Totto-chan walikuwa ndugu kwenye nyumba moja ya nguruwe nilipiga kelele peke yangu chumbani. Oyama na Kuroyanagi, wote wa mwaka mmoja, wote waliambiwa sauti zao mbovu, na mzee akawaweka kwenye maiki moja.

Sasa kwa nini kulikuwa na kazi nyingi za sauti kipindi kile? Hapa kuna sababu ya biashara na ni muhimu kuielewa. Kampuni kubwa za filamu za Japani ziliiona televisheni kama adui. Mwaka 1953 kampuni tano zilifunga makubaliano ya kutoachia waigizaji wao kwenda kwingine, na 1956 zikaacha kabisa kuiuzia televisheni filamu zao. Vituo vikabaki na masaa ya kujaza na hakuna cha kujazia, vikakimbilia kununua tamthilia za Marekani, wachunga ng'ombe, mapolisi, mbwa Lassie. Hizo zinahitaji kuingizwa sauti ya Kijapani, na mastaa wa filamu wamefungiwa, kwa hiyo kazi ikaenda kwa vijana wa redio na vikundi vya maigizo ya jukwaani ambao walikuwa na njaa ya kweli kweli. Oyama alisoma shule ya maigizo ya Haiyuza akaanzia huko, kwenye Lassie.

Na mwanzoni walikuwa wanafanya laivu. Picha inatembea, watu wamesimama mbele ya maiki, wanaongea moja kwa moja hewani nchi nzima inasikia. Mimi nimesimama mbele ya maiki kwa hiyo naomba mniamini hapa, hata leo ambapo ukikosea fundi anarudisha nyuma na unarudia mara ishirini, kuufuatisha mdomo wa mtu wa lugha nyingine ni shughuli, yeye anafumba mdomo na wewe bado una silabi nne za Kiswahili hujazimaliza, maana maneno yetu ni marefu, unabaki unayameza. Wao waliyafanya hayo bila kurudia. Watu wetu wanaotafsiri muvi vibandani huku wanaongea juu ya picha wana kipaji hicho hicho cha kutosimama, ila wao wanasimulia wanavyotaka, hawabanwi na mdomo wa mtu.

Sasa mtoto wa kiume wa miaka tisa utampata wapi wa kusimama laivu usiku, asikosee, na mwakani sauti isimvunjike? Ndo hapo wanawake wazima wakaanza kupewa wavulana. Masako Nozawa ameieleza hiyo sababu mwenyewe mara nyingi. Yeye ni mdogo wao kidogo, wa 25 Oktoba 1936, alikuwa muigizaji wa filamu toka akiwa na miaka mitatu, akakulia Numata mkoa wa Gunma walikohamia kukimbia mabomu. Alipokuwa kijana kikundi chao cha jukwaani hakina hela, akaingia kwenye kuingiza sauti ili wapate hela ya maigizo. Akapewa mvulana, akapewa mwingine, na mpaka leo. Kitaro mwaka 1968. Tetsuro wa Galaxy Express 999 mwaka 1978. Na Februari 1986, akiwa na miaka 49, akaanza kuwa Son Goku wa Dragon Ball, na hapa ndo vijana wa Magomeni mpaka Mombasa mnaamka, ndio, huyo Goku anayepiga kelele nusu dakika akibadilika nywele ni mama, na 2024 Dragon Ball mpya ilipotoka bado ni yeye akiwa anagonga miaka 88.

Mi nilienda studio nyingine, miezi minne baada ya ile ya kwanza. Nikawaambia mapema kabisa kwamba sauti yangu inakwaruza na sina nyingine. Sasa hivi ni mvulana wa miaka kumi anayeitwa Emre.

Kiyoshi Kobayashi yeye naye, yule wa Lupin III, sauti yake ni ya chini, ya moshi, inaburuta kidogo mwishoni mwa sentensi. Alikuwa Jigen, yule mpiga bastola mwenye kofia iliyomfunika macho, toka kipindi cha kwanza kabisa cha Oktoba 1971 mpaka Oktoba 2021. Miaka 50 mhusika mmoja! Akastaafu na miaka 88, akafariki Julai 2022. Waigizaji wenzake wa mwanzo wote walikuwa wameshapumzika au kufariki na yeye bado anaenda studio. Kazi ya sauti inaruhusu hivyo, uso unazeeka, koo ukilitunza linakusubiri.

Waimbaji nao hawakupona na hilo neno. Peggy Hayama alianza kwa kuimba jazi kwa Wamarekani kwenye kambi zao baada ya vita, akatoa rekodi ya kwanza 1952, na wimbo uliomfanya ajulikane nchi nzima, wa 1959 kuhusu mkoa wa Tosa kule kusini, aliukataa mwanzoni kwa sababu ni wa kienyeji na yeye anajijua ni mtu wa jazi. Aliimba kwa sauti yake ya jazi hivyo hivyo na watu wakaupenda. Huyu ndiye pia aliyeandika maneno ya Kijapani ya ule wimbo wa do-re-mi ambao watoto wote wa Japani wanauimba, na akaja kuwa Mama wa Ultra kwenye tamthilia ya Ultraman Taro 1973. Mwimbaji, muigizaji, sauti, vyote mtu mmoja, kwao haikuwa ajabu kabisa.

Hibari Misora, malkia wa nyimbo zao, ni mdogo zaidi, wa 1937, binti wa muuza samaki wa Yokohama. Mwaka 1946 akiwa na miaka tisa alienda kwenye mashindano ya kuimba ya NHK, akaimba wimbo wa watu wazima kwa sauti ya mtu mzima, na kengele ya kumpitisha haikulia. Waamuzi walisema hana utoto. Mtoto aliyeona mji wake unaungua ulitaka awe na utoto upi?

Lakini habari inayonigusa zaidi upande wa nyimbo ni ya Ei, kwa sababu hapo mmoja wa rika hili ndiye aliyekuwa upande wa kurekebisha. Ei alikuwa mtoto wa hekalu la Asakusa, mtu wa maneno, kila neno analipima. Mwaka 1961 aliandika wimbo kuhusu mtu anayetembea akiangalia juu ili machozi yasidondoke, inasemekana aliuandika akiwa amevunjika moyo baada ya maandamano ya 1960 ya kupinga mkataba wa usalama na Marekani kushindwa. Hachidai Nakamura akatunga muziki. Akapewa kijana wa miaka 19 aubebe, Kyu Sakamoto, mtoto wa tisa kwao, ndo maana ya hilo jina. Kijana akafungua mdomo, akaimba kwa kuvunja vunja silabi, anaingiza hewa kila mahali, anakwama anaachia anakwama, na Ei akakasirika kweli, aliona maneno yake yanafanyiwa mzaha, hayasikiki. Kumbe Kyu toka mdogo alijifunza kwa mama yake nyimbo za zamani za kuimbwa na shamisen, chombo chao cha nyuzi tatu, ambazo sauti inapinda hivyo hivyo. Hawakumrekebisha. Juni 1963 ule wimbo ukakaa namba moja Marekani wiki tatu, kwa Kijapani kile kile, kwa watu wasioelewa hata neno moja, na walichokielewa ni ile sauti inayokwama.

Kyu alikufa 12 Agosti 1985 kwenye ajali ya ndege ya Japan Airlines, watu 520 walikufa, yeye alikuwa na miaka 43. Ei akabaki. Ei alikuwa mtu wa redio maisha yake yote, kipindi chake kimoja kilianza 1967 kikaisha 2013. Miaka ya mwisho akapata ugonjwa wa Parkinson, alisema hadharani 2010, na ulimi ukawa mzito, maneno hayatoki sawa sawa, kuna siku msikilizaji haelewi anachosema. Hakuacha. Aliendelea kwenda redioni, sauti imeharibika kabisa, na watu waliendelea kufungua redio kumsikiliza. Alifariki tarehe 7 Julai 2016. Nikiwaza kijana yule aliyekasirika kwa sababu maneno hayasikiki, na mzee huyu ambaye maneno yake hayasikiki na hakuna aliyemwambia akae nyumbani, koo linanibana.

Turudi kwa Oyama. Aprili 1979 Doraemon mpya inaanza kituo cha TV Asahi na yeye ana miaka 45. Wale watano wakuu wote ni wa zama zile zile, Noriko Ohara aliyekuwa Nobita na Kaneta Kimotsuki aliyekuwa Suneo ni wa 1935, Kazuya Tatekabe aliyekuwa Gian wa 1934, Michiko Nomura aliyekuwa Shizuka wa 1938. Oyama aliamua kitu kimoja mwanzoni kabisa, huyu ni roboti aliyetengenezwa kulea mtoto, kwa hiyo hawezi kuwa amewekewa matusi ndani, Doraemon hatatukana. Ile salamu ya "mimi ni Doraemon" na kile kicheko cha chini chini aliviingiza mwenyewe, havikuwa kwenye karatasi. Na Fujimoto, aliyemchora, alipoisikia alisema kumbe Doraemon alikuwa na sauti hii. Yaani mchoraji mwenyewe ndo anaijua sauti ya kiumbe chake siku ile, kwa mtu wa rika lake.

Waliachia wote watano pamoja Machi 2005, miaka 26. Mwaka 2015 mume wake Keisuke Sagawa akasema hadharani kwamba mke wake amepata ugonjwa wa kusahau. Yeye Sagawa akatangulia kufa 2017. Ohara alifariki Julai 2024, na Oyama akamfuata 29 Septemba 2024, wiki mbili na siku kadhaa kabla hajafika miaka 91. Nobita na Doraemon ndani ya miezi mitatu. Siku habari ilipotoka nilikuwa studio, nikaomba dakika kumi nje.

Kuroyanagi bado yupo. Kipindi chake cha mahojiano kilianza Februari 1976, kilifika cha 10,000 mwaka 2015, na bado anakaa kwenye kile kiti, anasikiliza watu. Kile kitabu chake cha shule ya mabehewa kilitoka 1981, kimeuza zaidi ya nakala milioni 8 Japani peke yake, na James Grant aliyekuwa mkuu wa UNICEF alikisoma kwa Kiingereza, na 1984 akamfanya balozi wa hisani. Safari yake ya kwanza kabisa katika kazi hiyo ilikuwa huku kwetu, Tanzania, mwaka huo huo 1984, wakati wa ukame.

Hili sikulijua. Nimeishi nchi hii maisha yangu yote sikulijua. Nyumbani kwao alikuwa anaitwa Totto kwa sababu alipokuwa mdogo hakuweza kulitamka Tetsuko, na sasa yuko kijijini Tanzania anasikia watu wanasema toto, toto, akauliza maana yake, akaambiwa ni mtoto. Jina la utoto wake lilikuwa neno letu.

Na katika safari hiyo hiyo mzee wa kijiji akamwambia jambo ambalo ameliandika na kulirudia kila mahali toka siku ile. Kwamba mtu mzima akifa analalamika, anasema naumia, nateseka, lakini watoto hawasemi chochote. Wanawaamini wakubwa, wananyamaza, wanakufa kimya chini ya majani ya migomba. Alikuwa na miaka 51 au anaikaribia, mwanamke aliyetolewa studio kwa sababu sauti yake haikuweza kujificha kwenye umati, na ameendelea kusafiri kwa ajili ya hao watoto, nchi baada ya nchi, anarudi Japani anakaa mbele ya kamera na kuongea kwa haraka ile ile waliyomwambia apunguze.